Ndege Iliyonuka Ndizi

Waliosikiliza kipindi cha mwezi huu wanajua tulikatisha mazungumzo pale pale yaliponoga. Mjomba kauliza, "Sasa hiyo ndege ni ya kweli au ya kuigiza?" Sisi tukaanza kusema wote kwa pamoja, adhana ya magharibi ikatoka, tukazima mashine. Wengi mmetuandikia mkitaka jibu. Siku ile hatukuwa nalo. Hapa nina nafasi zaidi, basi nianze mwanzo, na mwanzo ni Bibi.

Bibi yangu, mzaa mama, alizaliwa Tabora. Watu wakisikia Waswahili wa Oman wanafikiri sote tumetoka Unguja na Pemba, lakini nyumba nyingi za Maskati zina watu wa Tabora, wa Kigoma, wa Bujumbura, hata wa Kongo. Baba yake Bibi alikuwa na duka Tabora. Bibi alipokuja kukaa na sisi hapa Wattaya alikuwa na hadithi tano au sita ambazo alizirudia kila Ramadhani, na moja ilikuwa ya ndege iliyoanguka.

Sisi watoto Kiswahili chetu kilikuwa cha kuokoteza. Bibi akisema "ndege ilianguka", tulishika neno ndege tu, mengine yakapita. Hatukujua kwamba ile i- ya mwanzo ndiyo habari yenyewe: ndege wa manyoya alianguka, ndege ya injini ilianguka. Basi kwa miaka mizima tuliamini kwamba Tabora aliwahi kuanguka mwewe mkubwa kama nyumba. Binamu yangu alimchora, macho mekundu, na ile picha ilikaa kwenye friji mpaka karatasi ikageuka manjano.

Hadithi ilikuwa hivi. Baba yake Bibi, kijana bado, alikwenda na wenzake kutazama chombo cha Wazungu kilichoanguka. Kikubwa mno, na kimetengenezwa kwa mbao na nguo. Hapo wakubwa walikuwa wanacheka. Ndege ya nguo! Bibi hakujali, aliendelea. Baba yake alirudi nyumbani na kipande cha ile nguo, kigumu kama karatasi nene, kikiguswa kinalia, na kilikuwa kinanuka ndizi mbivu. Mama yake akakifanya cha kuchomekea sindano. Mwisho wa hadithi ulibadilika kila mwaka: mara kipande kilibaki Tabora walipohama, mara kilipotea njiani, mara kililiwa na panya.

Bibi alifariki mwaka 2009. Hatukumrekodi hata dakika moja. Kamera zilikuwepo, simu zilikuwepo, akili ndiyo haikuwepo. Nusu ya sababu ya kuanzisha kipindi hiki ni hiyo, na sisemi zaidi.

Mwaka juzi nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa. Mie ni mhandisi wa mabomba ya mafuta, na nilikuwa nasoma habari za gundi na namna zinavyochoka kwenye joto. Kutoka gundi nikaingia kwenye rafadha za mbao, kutoka rafadha nikaingia kwenye ndege za zamani, na saa sita usiku nikakuta neno Tabora. Tarehe 27 Februari 1920, ndege aina ya Vickers Vimy Commercial ilianguka Tabora.

Vimy ilikuwa ndege ya mabomu ya Waingereza, iliyobuniwa mwaka 1917 ili iweze kwenda Ujerumani usiku na kurudi. Upana wake kutoka ncha ya bawa moja hadi la pili ulikuwa kama mita 20 na kitu, injini mbili za Rolls-Royce, kila moja nguvu ya farasi 360. Vita vikaisha kabla haijapata kazi iliyotengenezewa. Ikapata kazi nyingine. Juni 1919 Alcock na Brown waliivusha Atlantiki bila kutua, wa kwanza duniani. Mwisho wa mwaka huo huo ndugu wawili, Ross na Keith Smith, walitoka nayo Uingereza mpaka Darwin, Australia. Iliyobaki ilikuwa njia ya kwenda Cape Town, na mwaka 1919 viwanja vilikuwa vinafyekwa Afrika nzima kwa ajili hiyo: watu wanakata miti, wanabomoa vichuguu, wanasawazisha ardhi kwa ajili ya kitu ambacho wengi wao hawajawahi kukiona.

Gazeti la The Times la London liligharimia Vimy moja, ile aina ya abiria yenye tumbo nene la mviringo. Ilitoka Brooklands, kusini ya London, tarehe 24 Januari 1920. Marubani walikuwa Cockerell na Broome, na abiria wao mkuu Peter Chalmers Mitchell, katibu wa jumuiya ya wanyama ya London. Tabora iko kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na ikipata joto la Februari inazidi kuwa nyepesi. Bawa linakosa cha kushika, injini inakosa cha kuvuta. Safari yao ikaishia hapo. Watu wote walitoka wazima.

Na wale walioshinda? Waafrika Kusini wawili, van Ryneveld na Brand, waliondoka siku chache baadaye na Vimy nyingine. Wakaivunja Misri, wakapewa ya pili, wakaivunja Bulawayo, wakapewa ndege ya aina nyingine kabisa, wakafika Cape Town tarehe 20 Machi. Ndege tatu kwa safari moja. Anayewaita washindi ana moyo wa ukarimu.

Lakini mie sikulala usiku ule kwa sababu ya ndizi. Mabawa ya ndege hizi yalivalishwa kitani, kitambaa cha kawaida kabisa, kama cha shuka nzuri. Kitani kikavu kinalegea. Kwa hiyo kinapakwa dawa inayoitwa dopu, pamba au nyuzi za mti zilizoyeyushwa kwenye kemikali. Dopu ikikauka inanywea, na inavuta kitambaa mpaka kinakaza kama ngozi ya ngoma. Ukikigonga kinalia. Na moja ya kemikali zilizotumika kuyeyushia dawa za namna hii ni amili asetati, ambayo harufu yake, wallahi, ni ndizi mbivu. Mafundi wa zamani wa Uingereza na Marekani waliiita mafuta ya ndizi.

Hayo Bibi hangeweza kuyatunga. Mwanamke wa Tabora asiyejua kemikali hata moja alitupa vitu vitatu, kigumu, kinalia, kinanuka ndizi, na vyote vitatu ni sahihi. Asubuhi yake nilikaa ndani ya gari nje ya ofisi nikampigia Mama. Alinyamaza sana. Halafu akasema, "Na sisi tulikuwa tunamcheka."

Sasa nije kwenye zile ndege mlizoziona kwenye video tuliyoiweka, maana swali la Mjomba lilitoka hapo. Ile Vimy inayoruka kwenye video si ya mwaka 1919. Ilitengenezwa upya kabisa, kwa ukubwa wake kamili, na Mmarekani Peter McMillan na Mwaustralia Lang Kidby, na mwaka 1994 waliirusha kutoka Uingereza mpaka Darwin, kufuata njia ya ndugu Smith. Injini moja iliwafia juu ya Sumatra wakatua kwenye shamba la mpunga. Wakatengeneza, wakaendelea. Mwaka 1999 ndege hiyo hiyo ilikwenda Cape Town, wakati huu mikononi mwa Mark Rebholz na John LaNoue. Mwaka 2005 ikavuka Atlantiki. Baadaye ikastaafu, na sasa imewekwa kwenye jumba la makumbusho la Brooklands, mahali pale pale alipoondokea yule wetu wa Tabora. Eh, nimesema yule. Bibi angenisahihisha: ile yetu ya Tabora.

Nilimwekea Mjomba video kwenye televisheni. Nilitaka kumfurahisha. Mjomba alifika Maskati mwaka 1972, akatua Bait al Falaj, wakati ambapo Ruwi yote ile ya mabenki mnayoijua ilikuwa uwanja wa ndege katikati ya milima. Mwaka uliofuata uwanja wa Seeb ukafunguliwa, na Mjomba akaanza huko kama kijana wa kubebea mafundi vifaa katika jeshi la anga la Sultani. Alistaafu akiwa fundi mkuu. Sikio lake la kushoto limekwisha, la kulia anasema linamtosha.

Akatazama. Ndege ikawasha. Mjomba akafumba macho.

"Hiyo gari."

"Mjomba, hiyo Vimy, ndege ya mabomu ya..."

"Nakwambia hiyo gari. Silinda nane. Ya Kimarekani."

Na ni kweli. Vimy ya 1994 ilifungwa injini za Chevrolet, V8. Mnajua Wattaya ilivyo, ukitoka Ruwi kwenda Qurum maduka ya magari yamejipanga barabara nzima, watoto wa huku tunajua sauti za injini kabla ya kujua meza ya tatu. Lakini kumtambua Chevrolet ndani ya ndege ya 1919, kwa sikio moja, kupitia spika ya televisheni! Hapo ndipo akauliza: ya kweli au ya kuigiza?

Nimelisoma swali hili tangu siku ile, na nimegundua kwamba watengenezaji wenyewe wanagombana juu yake, wanagombana vibaya, kama watu wanaobishania pilau ya Mombasa na ya Unguja. Wa upande mmoja wanasema, umbo likiwa sawa na linaruka, inatosha. Wa upande wa pili wanasema, kama umebadilisha hata gundi, umetengeneza sanamu yenye injini.

Tazameni wale wa Me 262. Ile ilikuwa ndege ya Wajerumani ya vita vya pili, ya jeti, na injini zake za asili zilikuwa mbovu kwa maana ya kweli: saa 10 mpaka 25 za kuruka, halafu zinatupwa au kufunguliwa zote. Mwaka 1993 Wamarekani walianza kutengeneza tano mpya. Walichukua ndege moja halisi iliyokuwa inaoza kwenye kambi ya jeshi, wakaifungua kipande kwa kipande, wakanakili kila sehemu. Ila kwenye injini walisema hapana. Wakaweka za General Electric za kisasa, ndogo, wakazificha ndani ya maganda yenye umbo la zile za zamani. Ya kwanza iliruka Desemba 2002. Na taasisi ya Messerschmitt, jina la mbuni mwenyewe, ikakubali zipewe namba zinazofuata pale zilipoishia za mwaka 1945. Yaani kiwanda kilifungwa kwa miaka zaidi ya hamsini halafu kikaendelea kuhesabu.

Kule New Zealand wapo wengine, karakana ya mtengenezaji filamu Peter Jackson inayoitwa The Vintage Aviator, na hawa ni wa upande wa pili. Walitaka ndege aina ya BE2 ya vita vya kwanza. Injini yake, silinda nane za kupozwa kwa upepo, nguvu ya farasi 90, haipatikani tena. Mtu mwingine angetafuta injini ya trekta. Wao wakachora upya, wakamimina vyuma, wakatengeneza injini mpya ya mwaka 1915. Mie kama mhandisi nawavulia kofia. Gharama yake sitaki hata kuifikiria.

BE2 tuisimame kidogo, maana hiyo nayo ina habari ya kwetu. Mwanzoni mwa mwaka 1916 kikosi nambari 26 cha jeshi la anga la Waingereza, wengi wao Waafrika Kusini, kilishushwa Mombasa na ndege za BE2c kikaweka kambi Mbuyuni, upande wa Taveta, kumsaidia Smuts dhidi ya Wajerumani wa Lettow-Vorbeck. Mmoja wa watazamaji wake, Leo Walmsley, ambaye baadaye akawa mwandishi wa riwaya, alianguka na ndege zaidi ya mara kumi akabaki hai. Na mwaka mmoja kabla, kwenye mdomo wa mto Rufiji, wanamaji wa Kiingereza walikuwa wakiitafuta manowari Königsberg iliyojificha kwenye mikoko. Ndege za kwanza walizoleta zilishindwa na pwani yetu. Joto liliachanisha gundi ya rafadha, mbao zikajikunja, na hewa ilikuwa nyepesi mno kubeba mafuta na mabomu pamoja. Ikabidi walete nyingine, na nyingine tena, mpaka zile zilizofanya kazi kutoka kisiwa cha Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mtazamaji wake Arnold waliongoza mizinga kutoka angani, injini yao ikapigwa, na huku wanashuka bila injini waliendelea kutuma ishara ya kurekebisha shabaha. Wakaangukia mtoni, wazima. Königsberg ikaisha siku ile.

Sasa gundi hiyo iliyoachana Rufiji, mtu anayetengeneza ndege hiyo leo aitumie? Hapa ndipo mie nilipopata msimamo wangu, na Mjomba hakukubali, mtasikia kipindi kijacho. Dopu ya miaka ya mwanzo ya vita vile ilikuwa na sumu. Wafanyakazi wa viwandani Uingereza, wanawake wengi wao, waliugua manjano na baadhi walikufa kwa sababu ya kemikali moja iliyokuwemo, mpaka ikaondolewa. Hakuna mwenye akili atakayeirudisha kwa ajili ya uhalisia. Basi kumbe wote wanabadilisha. Tofauti ni nani anasema alichobadilisha na nani anaficha. Chevrolet ya Vimy hainiudhi hata kidogo, kwa sababu hawakuificha. Ingeniudhi kama wangeficha.

Na halafu kuna ile ya Sopwith. Kundi la watu wa kujitolea kaskazini mwa Uingereza, Northern Aeroplane Workshops, walitengeneza kwa miaka mingi ndege ya mabawa matatu ya Sopwith ya vita vya kwanza, kwa michoro ya asili. Sir Thomas Sopwith, mwenye kampuni mwenyewe, alikuwa hai bado, mzee wa karibu miaka mia. Alipoonyeshwa kazi yao alisema hiyo si nakala. Akaihesabu kuwa ndege yake iliyochelewa tu kutoka kiwandani. Ikaruka mwaka 1992, yeye keshafariki, na mpaka leo iko kwenye mkusanyiko wa Shuttleworth.

Iliyochelewa kutoka kiwandani. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, maana Dar es Salaam niliwahi kuambiwa na dereva wa teksi, kwa upole kabisa, kwamba Kiswahili changu ni cha fotokopi. Siku nyingine nitakuwa na jibu.

Kwa nini lakini waruke nazo? Ungeweza kutengeneza ya kukaa tu, ukaiweka chini ya taa, watoto wakapiga picha. Nilimuuliza Mjomba na jibu lake lilikuwa kwamba ndege iliyosimama haisemi uwongo wala ukweli. Nadhani ana haki. Vitabu vyote vinasema Sopwith Camel ilikuwa inageuka kulia kwa ukali na kuua wanafunzi. Sababu ni injini yake, ambayo silinda zote zinazunguka pamoja na rafadha kama pia. Kusoma ni kitu kimoja. Wanaozirusha leo wanajua mguu wa rubani unafanya nini pale. Halafu injini hizo zilitumia mafuta ya mbarika kulainisha, na yalimwagika hewani usoni mwa rubani saa zote za safari. Nyinyi mliolelewa na bibi wa Kiswahili mnajua mafuta ya mbarika yanafanya nini tumboni. Hayo nayo ni historia ya vita ambayo makumbusho hayawezi kukuonyesha, na alhamdulillah.

Nyumbani kwetu tunayo mifano karibu zaidi, ila ni ya majini. Mwaka 2010 jahazi liitwalo Jewel of Muscat lilitoka hapa Maskati mpaka Singapore. Lilijengwa Qantab, ng'ambo ya milima hii, kwa kufuata mabaki ya chombo cha karne ya 9 kilichopatikana mwaka 1998 kwenye bahari ya kisiwa cha Belitung, Indonesia. Mita 18, mbao zimeshonwa kwa kamba za nazi, bila msumari. Waliondoka Februari, wakafika Julai. Na Zanzibar mwaka 2003 walijenga mtepe wa ukubwa kamili kwa ajili ya Beit al Ajaib, chombo cha kushona cha Waswahili wenyewe, ambacho kilikuwa kimeshapotea baharini. Wazee waliojua kushona mitepe walikuwa hawapo tena kuulizwa. Ndiyo tabu ya kazi hizi zote: michoro inakwambia ubao unakwenda wapi, haikwambii mkono unashika vipi.

Mjomba ana miaka 75. Anajua kufunga waya wa usalama kwenye boliti kwa koleo, msokoto sawasawa, bila kutazama. Anavijua vifaa vyote kwa Kiswahili cha karakana ya Seeb, ambacho ni Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza kilichopigwa nyundo pamoja. Strikemaster alizozihudumia, baadhi yake ziliuzwa na sasa zinaruka Uingereza mikononi mwa watu binafsi. Ndege zipo. Maneno yake hayapo popote isipokuwa kichwani mwake, na sasa kwenye mashine yetu, saa tatu na dakika kumi mpaka leo. Tunaendelea kila Ijumaa.

Nimalizie na kile kitambaa, kwa sababu niliahidi.

Mwezi wa nane binamu yangu, yule yule wa mwewe mwenye macho mekundu, aliagiza kopo la dopu la watu wanaotengeneza ndege ndogo za mchezo. Mie nikaenda Mutrah kununua kitani. Mjomba akatengeneza fremu ya mbao, sentimita 30 kwa 30, akaipima pembe mara nne. Tukakaa uani kwake, Wattaya, jioni, jasho linatutoka. Kitani cha kwanza hakikukaza hata kidogo. Kumbe nusu yake ni polista, muuzaji kanilaghai au mie sikuuliza vizuri. Tukatumia shuka la zamani la Mama, la kitani kweli. Tulipofungua kopo harufu ikajaa uwanja mzima. Mie nikasema rangi ya kucha. Binamu akasema rangi ya gari. Mama alikuwa jikoni, hakuna aliyemwambia tunafanya nini, akatoka na mwiko mkononi akauliza nani kaleta ndizi.

Tulipaka mara tatu. Kikaanza kukaza, tunakiona kinakaza, mikunjo inakimbia kutoka katikati kwenda pembeni. Halafu kikageuka cheupe, kama kimenyunyiziwa unga. Unyevu. Dopu ikikauka kwenye hewa ya maji inavuta maji na kuharibika, na Maskati mwezi wa nane unaweza kuinywa hewa. Mjomba akakigonga kwa kidole. Kililia, lakini sauti ya chini, ya ugonjwa.

"Tungoje Disemba," akasema.

Kipande chenyewe kiko kwenye friji la Mama, kimeshikwa kwa sumaku, cheupe na kibaya. Juzi nimekuta kimechomekwa sindano mbili.